Kibao cha Mlangoni na Haki ya Mteja

Kwenye milango ya baa na mikahawa mingi ya Kenya hubandikwa kibao kinachosema kuwa mwenye mahali ndiye anayeamua nani aingie. Haki hiyo anayo, ila mipaka yake imewekwa na Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010. Kijisehemu cha 4 kinaikataza serikali kumbagua mtu kwa sababu kama rangi, kabila, jinsia, ujauzito, afya, ulemavu, dini, mavazi au lugha. Cha 5 kinamfunga kila mtu kwa katazo hilohilo, kwa hiyo kudai kwamba biashara ni mali ya mtu binafsi hakumwokoi mwenye hoteli.

Nje ya hapo mfanyabiashara ana nafasi pana. Mteja asiyelipa, mlevi anayewatukana wahudumu au aliyekuta ukumbi umejaa anaweza kurudishwa, kwa kuwa sababu ni alichokitenda au hali ya mahali. Pombe nayo haiuzwi kwa aliye chini ya miaka 18. Umri umo katika orodha ya Katiba, lakini Kifungu cha 24 huruhusu sheria kuweka mpaka ulio na sababu ya haki.

Kazi ngumu ni kutambua kisingizio. Bawabu anamwambia kijana kwamba viatu vya wazi haviruhusiwi, kisha anampisha mwingine aliyevaa vilevile. Sharti hapo ni pazia tu. Lipo pia sharti linalomhusu kila mtu ila likawaumiza wachache: kupiga marufuku vitambaa vya kichwani kunamfungia nje mwanamke mwenye hijabu, na Katiba inakataza hata ubaguzi usio wa moja kwa moja.

Mwaka 2015 mkahawa mmoja wa Nairobi ulishutumiwa kwa kuwazuia Waafrika kuingia usiku, kwa madai ya usalama. Kuogopa majambazi si kosa, na mlinzi anaweza kumpekua kila anayeingia. Kumfanya mtu mshukiwa kwa rangi ya ngozi yake ni udhalilishaji, na hakuna kibao kinachoweza kuuhalalisha.

Aliyebaguliwa anaweza kwenda mahakamani chini ya Kifungu cha 22, bila kutozwa ada ya kufungua kesi, na Kifungu cha 23 kinaruhusu alipwe fidia. Kitakachomsaidia zaidi ni ushahidi wa maneno aliyoambiwa mlangoni, na wa nani aliruhusiwa kupita baada yake.