Mguu Uumapo: Mazungumzo kwa Wajizoezao Mbio Ndefu

Mazungumzo haya yawahusu hasa vijana wanaojitayarisha kwa mbio ndefu, yaani mbio za nyika za kilometa 10 na kuzidi, na ile iitwayo marathoni, ambayo urefu wake ni kilometa 42 na mita 195. Sitasema habari za kushinda. Nitasema habari za mguu uanzao kuuma majuma machache kabla ya siku ya shindano, na yampasayo mkimbiaji kutenda hapo.

Jambo hili si dogo. Kijana aliyekwisha kuandikwa jina lake, ambaye darasa zima lamtazamia, hapendi kusikia neno "pumzika". Huuficha mguu wake kama mtu afichaye deni. Hutoka alfajiri kabla ya wenziwe ili wasimwone akichechemea, na aulizwapo hujibu kwamba ni uchovu tu. Basi siku moja, katikati ya njia, mfupa uliokuwa na ufa mwembamba kama unywele huvunjika kabisa, na yule ambaye angalipumzika majuma sita hukaa miezi mingi juu ya magongo.

Ili tufahamu jinsi mambo haya yatokeavyo, yatupasa kwanza kuujua mfupa. Watu wengi hudhani kwamba mfupa ni kitu kikavu kama boriti ya nyumba, nao ama mzima ama umevunjika. Sivyo. Mfupa ni kitu kilicho hai, una damu, na daima hubomolewa na kujengwa upya. Ndani yake zimo chembe hai za namna mbili, zifanyazo kazi kama mafundi wawili katika ukuta mmoja. Fundi wa kwanza huondoa matofali yaliyochoka. Wa pili huja nyuma yake akijenga mapya. Mkimbiaji auzidishiapo mfupa kazi, fundi mbomoaji huanza upesi, naye humaliza sehemu yake kwa majuma matatu hivi. Fundi mjenzi ni mpole. Yeye huhitaji kama miezi mitatu kuijaza nafasi ile ile. Kwa hiyo kuna kipindi ambacho mfupa una vitundu vingi kuliko desturi, nao ni dhaifu kuliko ulivyokuwa mwanzo.

Sasa angalia mtego ulipo. Pumzi na misuli hupata nguvu kwa majuma machache tu. Kijana aliyeanza mazoezi mwezi uliopita hujiona mwepesi, hupanda mlima bila kuhema, akasema moyoni, "Leo nitaongeza." Lakini wakati huo huo mfupa wake ungali umebomolewa nusu. Kila wayo ugusapo ardhi katika kukimbia, mguu hupokea nguvu ipatayo mara mbili au tatu ya uzito wa mwili. Mtu wa kilo 60 hubeba kilo 120 hata 180 kwa mguu mmoja. Na ikiwa hatua yake ni mita 1, basi katika marathoni kila mguu utapigwa hivyo zaidi ya mara 21,000. Haya hayaudhuru mfupa uliozoezwa polepole. Uliozoezwa kwa pupa ndio huchanika.

Mahali palipo mashuhuri kwa maumivu haya ni muundi, yaani ule mfupa wa mbele ya mguu kati ya goti na kifundo. Yako maumivu ya namna mbili, na mkimbiaji asiyejua kuyapambanua yu hatarini.

Ya kwanza hutanda. Huwa upande wa ndani wa muundi, sehemu ya chini, urefu wa sentimeta 5 na zaidi. Huuma mwanzo wa mbio, hupungua mwili upatapo joto, kisha hurudi baada ya mbio au asubuhi yake. Ukipapasa, huwezi kusema, "Ni hapa." Haya ni malalamiko ya mfupa na nyama zilizoushika, nayo aghalabu hutulia mtu apunguzapo mwendo.

Ya pili hukaa mahali pamoja. Waweza kupafunika kwa ncha ya kidole, na ukipabonyeza mwenyewe hushtuka. Hayapungui kwa joto la mwili, bali huzidi kadiri aendeleavyo kukimbia. Baadaye huuma hata katika kutembea, na mwishowe huuma usiku kitandani, hali mguu umetulia. Mtu aliye na dalili hizi na ahesabu kwamba mfupa wake umeanza kuwa na ufa, mpaka daktari aseme vingine. Wala asifurahi upesi akionyeshwa picha ya eksirei isiyo na alama yoyote, kwa maana katika majuma mawili matatu ya kwanza picha hiyo mara nyingi haiuonyeshi ufa wa namna hii. Daktari mwenye busara husikiliza masimulizi ya mgonjwa na kukiamini kidole chake.

Nataka kuongeza neno juu ya maumivu ya ndani ya kinena, kwa sababu vijana wengi huyadharau wakidhani ni msuli umevutika. Mkimbiaji aumwaye kinena kila akanyagapo, na maumivu yakazidi siku kwa siku, aache kukimbia siku ile ile, akaende hospitali. Pengine ufa uko kwenye shingo ya mfupa wa paja, na mfupa ule ukivunjika pale huhitaji kupasuliwa, na mtu aweza kupata kilema.

Najua wapo watakaoniuliza, "Je, Bwana Mwalimu, habari za John Stephen Akhwari?" Swali hili ni jema. Katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1968 mjini Mexico, Akhwari, mwana wa Mbulu katika Tanzania, alianguka katika msongamano wa wakimbiaji, akaumia goti na bega. Alifungwa bandeji, akaendelea, akaingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Walianza watu 75, wakamaliza 57, naye ndiye aliyekuwa wa mwisho wao. Watu wanamheshimu hata leo, na ni haki. Lakini Akhwari alikuwa katika siku ya shindano lenyewe, siku ambayo taifa lake lilimtuma kwa ajili yake. Kijana akimbiaye peke yake Jumanne asubuhi juu ya mfupa wenye ufa hatumwi na mtu, wala hapo hapana utepe wa kumalizia. Tusichanganye mambo haya mawili.

Mfano ufaao zaidi kwa mwenye kujizoeza ni wa mwanamke wa Marekani, Joan Benoit. Mwezi wa Machi 1984, akijitayarisha kwa mchujo wa kuchagua wakimbiaji wa Olimpiki, goti lake la kulia lilianza kuuma katika mbio ndefu za mazoezi. Alipumzika, akatibiwa, akajaribu tena, likagoma. Tarehe 25 Aprili alipasuliwa, na mchujo ulikuwa tarehe 12 Mei, yaani siku 17 tu mbele. Katika siku za kwanza, mguu usipoweza kazi, alizungusha pedali za baiskeli kwa mikono ili moyo na mapafu yake yasilegee. Aliporudi kukimbia kwa haraka, akawa anautegemea mno mguu wa pili, ukavutika nao msuli wa nyuma ya paja. Hata hivyo alishinda mchujo, na tarehe 5 Agosti mwaka ule ule mjini Los Angeles alishinda marathoni ya kwanza ya wanawake katika Olimpiki, kwa saa 2, dakika 24 na sekunde 52.

Simshauri mtu yeyote kukimbia siku 17 baada ya kupasuliwa; yeye alikuwa na madaktari wake karibu, na kasoro yake ilikuwa ya goti, si ufa wa mfupa. Nimemtaja kwa mambo mawili. La kwanza ni kwamba kupumzisha mguu si kupumzisha mwili wote. La pili ni ule msuli wa mguu mzima: achechemeaye huhamisha mzigo, na mahali pasipo na kosa hulipa.

Basi kijana wetu afanye nini? Ikiwa maumivu ni yale ya kutanda, apunguze mbio zake hata nusu au zaidi, aache milima na barabara ngumu, akimbie kwenye majani au njia ya udongo iliyo sawa, tena kwa hatua fupi za upesi kuliko hatua ndefu za kuruka. Ikiwa ni yale ya mahali pamoja, asikimbie kabisa. Badala yake apande baiskeli ikiwa haimwumizi, na akaaye karibu na ziwa au bahari aogelee mahali penye salama. Hata kutembea, kama kunamwuma, kuna haja ya magongo kwa siku kadhaa. Ufa wa kawaida wa muundi huhitaji majuma 6 hata 8 kabla ya kuanza tena, na ulio mbele kabisa, katikati ya muundi, huchukua miezi.

Kitambaa kilicholowa maji baridi kwa dakika 10 au 15 hutuliza maumivu. Kuchuliwa kwa nguvu ni jambo jingine. Kwetu kila kijiji kina mzee au bibi ajuaye kuchua, na mikono yao imewafaa wengi wenye uchovu wa misuli. Lakini mfupa wenye ufa usichuliwe, wala mguu ulioteguka leo na kuvimba usivutwe wala kupakwa dawa za moto. Huo wafaa kufungwa kitambaa kisichobana mno na kuinuliwa juu ya mto. Ikiwa mtu aliyeteguka kifundo hawezi kukanyaga hatua nne, au mfupa wenyewe unauma ukibonyezwa, apelekwe hospitali. Kadhalika mtoto au kijana mwenye homa pamoja na maumivu makali ya mfupa mmoja asicheleweshwe hata siku moja, ijapokuwa alikimbia jana. Pengine ni usaha ndani ya mfupa, na dalili hiyo si ya mbio hata kidogo.

Na zile dawa za kutuliza maumivu na uvimbe, kama aibuprofeni na diklofenaki, ambazo siku hizi zapatikana katika kila duka la dawa? Kumeza kidonge ili upate kukimbia ni kumfunga mlinzi kinywa wakati mwizi yumo ndani. Zaidi ya hayo, mtu aliyekaukiwa maji mbioni akiwa na dawa hizo mwilini aweza kuzidhuru figo zake.

Yafaa pia kuuliza kwa nini mguu uliuma, maana hauumi bure. Aghalabu jibu ni moja: kijana alikuwa akikimbia kilometa 20 kwa juma, akasikia habari za shindano, akafanya 45. Wakati mwingine ni viatu vilivyokwisha, au mtu aliyezoea kukimbia peku au kwa makatambuga kupewa viatu vipya akavikimbilia mbio ndefu siku ile ile. Mabadiliko hayo yataka majuma mengi. Pengine ni chakula. Fundi mjenzi wa mfupa hawezi kujenga bila udongo, na kijana akimbiaye kilometa 60 kwa juma kwa uji wa asubuhi na ugali wa jioni anamwibia. Maziwa, dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maharagwe na mboga za majani vina kazi kubwa hapa. Wasichana nao wajue kwamba hedhi ikikoma kwa miezi kwa sababu ya mazoezi na kula kidogo, mifupa imeanza kudhoofika. Hilo si la kuonea haya, bali ni la kumwambia muuguzi au mwalimu wa kike.

Kurudi kukimbia kuna utaratibu wake. Kwanza mtu aweze kutembea upesi dakika 30 bila maumivu yoyote, siku kadhaa mfululizo. Kisha akimbie dakika 1 na kutembea dakika 2, akirudia mara nane hivi, na kesho yake asikimbie. Asubuhi ya siku ile ya mapumziko ndiyo hakimu: apapase muundi, ashuke kitandani, atembee. Pakiwa kimya, mara ijayo aongeze dakika za kukimbia kidogo. Pakiuma, arudi hatua ya nyuma, na pakiuma mahali pamoja kama mwanzo, arudi kwa daktari. Wakati huo huo aimarishe mashavu ya miguu kwa kusimama ukingoni mwa ngazi, akiinuka kwa vidole na kushuka polepole, mara 15 kwa kila mguu, kisha apumzike na kurudia mara mbili zaidi.

Ikiwa shindano limekaribia na kijana bado yu katika dakika za kukimbia na kutembea, shindano hilo si lake mwaka huu. Amwambie mwalimu wa michezo mwenyewe, kwa kinywa chake, walau majuma mawili kabla, ili mwenziwe apate nafasi ya kujitayarisha mahali pake. Na siku ya shindano aende pamoja na wengine, akashike saa na kugawa maji.