Mteremko wa Kilimanjaro na soko la breki

Bodaboda anayepeleka abiria Machame hamalizani na gharama za safari kwenye kituo cha mafuta. Deni lingine humsubiri anaposhuka. Mji wa Moshi uko kati ya mita 800 na 900 juu ya usawa wa bahari, na lango la Machame la kupandia mlima liko karibu mita 1,800. Pikipiki inayorudi mjini inashuka mita elfu moja hivi, pengine na abiria wa mishikaki au mikungu ya ndizi nyuma.

Ili kubana mafuta, madereva wengi huweka nyutro, wengine huzima injini kabisa. Mafuta wanayaokoa kweli, ila kazi ambayo gia ingeifanya inaiangukia breki peke yake. Boxer na TVS nyingi za biashara zina breki za dramu. Zikisuguliwa mfululizo hupata moto na kulegea hata kabla shuu hazijaisha. Fundi akifungua gurudumu anaweza kukuta shuu bado zina nyama, lakini uso umeng'aa kama kioo. Anazipiga msasa, anapuliza vumbi, anakaza nati ya nyuma. Nati ikifika mwisho wa uzi, ni kununua. Wapo wanaoomba kipande cha bati kibandikwe ili shuu zisogee wiki moja zaidi. Fundi makini hukataa, na mteja huenda kibanda cha jirani.

Matairi yanafuata mvua. Saizi ni zilezile, 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma, tofauti ni kashata, yale meno ya tairi. Anayeshinda kwenye lami ya Marangu anataka tairi linalodumu. Anayeingia njia za migombani Uru na Kibosho wakati wa masika anataka kashata ndefu za kung'ata udongo mwekundu, hata kama lami itazila haraka. Muuza spea anayeujua mlima huingiza mzigo huo kabla ya Machi.

Na mnunuzi ni nani? Dereva wa hesabu, anayempelekea tajiri mwenye pikipiki fedha za kila siku, hana haraka ya kuivalisha pikipiki ya mtu tairi jipya, na tajiri haoni kipara kwa kuwa hapandi. Dereva wa mkataba, ambaye chombo kitakuwa chake akimaliza malipo, hununua mapema na huuliza ubora. Naamini mkataba umezisaidia breki za Kilimanjaro kuliko ukaguzi wa barabarani.

Tairi lililokwisha huchongwa makubazi, tyubu hukatwa mikanda ya kufungia mizigo. Kwingine tairi kuukuu hurudi kuwa breki: Goma, mji wa Kongo chini ya volkano ya Nyiragongo, chukudu, zile skuta za mbao za kubebea mizigo, hufungwa breki kwa kipande cha tairi kuukuu kinachokanyagwa juu ya gurudumu la nyuma.

Baadhi ya matoleo mapya ya pikipiki huja na breki ya diski mbele. Diski hupoa upesi, lakini inataka pedi na oili yake, vitu ambavyo kibanda chenye spana na msasa tu hakina. Duka litakaloviweka huko juu, badala ya kumrudisha dereva mjini, ndilo litakalomnasa.