Taa za LED kwenye kitalu: kwa nini mwisho wa utepe unafifia

Kila mwaka, Juni hadi Agosti, simu yangu inaita kwa swali lilelile: "Bwana shamba, miche yangu ya hoho imerefuka kama uzi, niliuziwa mbegu feki?" Mara nyingi mbegu haina kosa. Huku Lukozi ukungu wa miezi hiyo unaweza kukaa siku nzima, na mche unaokosa mwanga hujivuta kuutafuta. Shingo inakuwa nyembamba, majani yanapauka, ukiupeleka shambani unalala. Ukikosa miche imara wiki ile, mzigo wako unafika sokoni wakati wenzako wameshauza.

Ndiyo maana vijana wameanza kufunga taa za LED wenyewe. Ni sawa, ila ziwe za kitalu tu, usiwaze kumulika shamba. Na kama nailoni ya kitalu chako imeota ukungu wa kijani, ioshe kwanza. Hiyo ni bure.

Kwa meza ya mita moja ya mraba, yaani trei tano au sita, chukua utepe wa LED wa volti 12, mita 5, mwanga mweupe. Zile taa za zambarau sio lazima, maana mwanga mweupe una bluu na nyekundu ndani yake. Utepe wa kawaida wa LED 60 kwa mita unakula wati 14.4 kila mita. Mita 5 ni wati 72. Gawanya kwa volti 12 unapata ampea 6. Usinunue pawa saplai ya ampea 6 kamili, itachemka na kufa mapema. Chukua ya ampea 8 au 10. Kata utepe vipande vitano vya mita moja, kwenye alama ya mkasi tu, kisha kila kipande kipate waya wake wa chanya na hasi kutoka kwenye pawa saplai. Ning'iniza sentimita 20 hadi 30 juu ya miche, na uipandishe kadiri miche inavyokua.

Sasa tatizo ninalokutana nalo kuliko yote. Kijana mmoja alikuwa na trei nusu nzuri na nusu zimerefuka, mbegu moja, udongo mmoja. Aliweka pawa saplai ndani ya nyumba ili isiibiwe, akavuta waya wa milimita 1.5 mita 10 hadi kitaluni, halafu akaunga mita 5 zote mfululizo. Tulipima kwa mita ya fundi: nyumbani volti 12, kwenye mwanzo wa utepe 10.6, mwishoni chini ya hapo. Volti moja na kitu inaonekana ndogo, lakini angalia ndani ya utepe: LED tatu zimefuatana na rizista moja. LED hizo tatu zinachukua kama volti 9.5, rizista inabaki na 2.5. Ukipoteza 1.4 njiani, rizista inabaki na 1.1, na mkondo unashuka hadi karibu nusu. Mwanga nao hivyohivyo. Dawa yake ni kusogeza pawa saplai karibu na meza na kuvuta umeme wa 230 hadi hapo. Na kazi hiyo ya 230 afanye fundi mwenye leseni, aweke na ethi. Kitaluni kuna maji, sio mahali pa kujaribu. Pawa saplai ikae juu, ndani ya boksi linalopumua, na uzime kabla ya kumwagilia.

Matatizo mengine ni mepesi. Haziwaki kabisa lakini pawa saplai ina volti 12: umegeuza chanya na hasi. LED tatu za jirani zimezima na nyingine zinawaka: sehemu hiyo imekufa, ikate na uunge upya. Zinawaka na kuzima kwa mpigo: pawa saplai imezidiwa au kuna shoti. Zinacheza ukigusa waya: kiungio kimeingia kutu, kichomee kwa risasi na ukifunike, maana klipu za plastiki hazivumilii unyevu wa huku.

Wanaotumia sola: betri ya volti 12 ikiwa inachajiwa hufika 14.4, na utepe unachemka kupita kiasi. Washa jioni chaji ikiisha, na weka fyuzi ya ampea 10 karibu na nguzo chanya ya betri.

Kuhusu muda, siku ya ukungu washa mchana, kisha ongeza saa tatu au nne jioni, halafu zima, mche nao unahitaji giza. Wati 72 kwa saa 10 ni yuniti 0.72 kwa siku. Kwa siku 30 ni yuniti 21.6, zidisha kwa bei ya luku yako, ugawe kwa idadi ya miche, ndipo uamue kama hoho inalipa. Kwa kabichi, mimi nisingejisumbua.