Kusomea Maji Chini ya Mlima Meru



Mkarafuu hauna mfereji. Sisi twaingojea masika na vuli, na mvua ikichelewa twatazama juu tu. Kwa hiyo labda wengine mtashangaa tukiwaletea khabari za Arusha, mji wa bara usiolima karafuu. Lakini kuna chuo huko kinachofundisha jambo ambalo visiwa vyetu vinalihitaji sana, na wako vijana wetu waliokwisha pata shahada ya kwanza ambao sasa wakaa nyumbani wakiuliza wafanye nini.

Chuo chenyewe ni Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, kilichoko Tengeru, nje kidogo ya Arusha kwa njia ya Moshi. Kilifunguliwa rasmi na Rais Jakaya Kikwete mwezi wa Novemba 2012. Hakichukui wanafunzi wa shahada ya kwanza. Husomesha uzamili na uzamivu tu. Miongoni mwa masomo yake ni haidrolojia, yaani elimu ya mwendo wa maji: mvua iliyonyesha, kiasi gani imerudi hewani, kiasi gani imezama ardhini, na kiasi gani imekwenda mtoni.

Na darasa lao kubwa ni mlima wenyewe. Meru una urefu wa zaidi ya mita 4,500. Upande wa kusini hupata mvua nyingi, na huko kuna migomba na kahawa. Upande wa kaskazini ni mkavu. Mito ya Themi, Nduruma, Usa na Maji ya Chai huingia Kikuletwa, Kikuletwa huingia bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo ni mto Pangani, umwagao maji yake baharini mkabala na visiwa vyetu. Basi maji ya Meru ni jirani zetu, ingawa yatufikiapo yamekwisha kuwa ya chumvi.

Njiani kila mtu ayataka. Wameru na Waarusha wana mifereji yao ya tangu zamani. Yako mashamba ya maua. Uko mji wa Arusha. Wako wafugaji wa tambarare, na mitambo ya umeme ya Hale. Aliye juu hunywa kwanza, na wa chini hupata matope. Tangu mwaka 1991 iko ofisi ya bonde la Pangani, na sheria ya mwaka 2009 yataka mwenye kuchota maji mengi awe na kibali. Lakini kibali pasipo kipimo ni karatasi tu. Kwa hiyo mwanafunzi lazima ajue kusoma ubao wa kupimia kina cha mto, tena ajue kuketi na wazee wa mfereji hata wapatane siku za zamu. Sisi twaona la pili ndilo gumu zaidi.

Tena maji ya Meru yana siri. Mlima ni wa volkano, na chemchemi nyingi hutoa maji meupe, matamu, lakini yenye madini ya floraidi kupita kadiri. Kipimo kinachokubaliwa ni miligramu 1.5 kwa lita. Mahali pengi huko chapitwa mara kadhaa. Mtoto akiyanywa miaka mingi meno hugeuka rangi ya kahawia, na yakizidi sana hata mifupa hupinda. Jicho halikuona kitu.

Kwetu hakuna mito mikubwa. Twategemea chemchemi na visima, na yote hayo ni mvua iliyozama ardhini. Kisima cha karibu na pwani kikivutwa kupita kiasi, chumvi huingia. Nani kwetu apimaye? Ni wangapi kati yetu tuandikao hata mvua ya mashamba yetu?

Mzazi mwenye kijana aliyesoma sayansi au uhandisi na aandike chuoni kuuliza masharti, na khasa aulize mapema habari za ufadhili, maana ada si ndogo. Na kijana akienda, achukue koti: Tengeru mwezi wa Julai ni baridi.