Duma: bendi ya Nairobi iliyofika Ulaya bila kupitia redioni

Ukimtajia mtu wa Igowole jina Duma, atafikiria yule mnyama wa mbugani anayewashinda wenzake kwa mbio. Siyo huyo. Jina la bendi hii limetoka kwenye Kikikuyu, na maana yake ni giza. Walikuwa vijana wawili wa Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu, na muziki wao ukiusikia kwa mara ya kwanza unaweza kudhani simu yako imeharibika.

Muziki huo ni tawi la hevi metali, yaani roki nzito ya magitaa yenye mkwaruzo na waimbaji wanaonguruma. Huutausikia kwenye kipindi cha salamu. Hata hivyo, bendi hii ilipita njia ambayo msanii yeyote wa kijijini anayelalamika kwamba redio hazimpigi anafaa kuijua, pamoja na gharama zake.

Tuanzie mbali kidogo. Hevi metali ilizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1960 huko Birmingham, mji wa viwanda nchini Uingereza. Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi ya Black Sabbath, alikuwa na miaka 17 pale mashine ya kiwandani ilipomkata ncha za vidole viwili. Wenye mashine za kupasua mbao hapa Mufindi hawahitaji kuelezwa jambo hilo. Iommi alijitengenezea vikofia vya plastiki, akavivalisha kwenye vidole vyake, na baadaye akalegeza nyuzi za gitaa ili azibonyeze bila maumivu. Uzi ukilegea, sauti inashuka na kuwa nzito. Albamu yao ya kwanza ilitoka Februari 1970, na uzito ule ukaigwa dunia nzima.

Ukafika Nairobi pia. Huko zilikuwepo bendi kama Parking Lot Grass na Last Year's Tragedy, zikiwa na wapenzi wachache lakini waaminifu. Khanja na Karugu walitoka kwenye bendi za aina hiyo, Lust of a Dying Breed na Seeds of Datura. (Datura ni ule mmea wenye sumu ambao Kiswahili huuita mnanaha. Watu wa metali hawachagui majina matamu.) Bendi kamili ya metali ni mzigo: inataka mpiga ngoma, magitaa, besi, vipaza sauti, mahali pa kufanyia mazoezi na mwenye ukumbi asiyeogopa kelele.

Mwaka 2019 wawili hao wakaupunguza mzigo wakaanzisha Duma. Karugu aliacha besi, akashika gitaa na kutengeneza midundo kwa mashine. Khanja, anayejiita Lord Spikeheart, akabaki na sauti. Mpiga ngoma hakuwepo. Kwa maoni yetu, uamuzi huo ndio uliowatofautisha na bendi nyingine, kwa sababu kompyuta inapiga kwa kasi ambayo mkono wa mtu hauifikii.

Katikati ya mwaka huohuo walikwenda Kampala, wakarekodi kwa miezi mitatu katika studio za Nyege Nyege. Najua, tunajua, msomaji umecheka. Kwa Kiganda neno hilo lina maana ya hamu ya ghafla ya kucheza ngoma, hamu isiyozuilika. Kwa Kiswahili tunaijua sote. Tamasha lao la Nyege Nyege lilianza mwaka 2015 huko Jinja, na mwaka 2018 waziri wa maadili wa Uganda, Simon Lokodo, alitangaza kulizuia kabla serikali haijaliruhusu. Mwaka huohuo hapa kwetu BASATA iliufungia wimbo wa "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond Platnumz, uliochezea neno Nyegezi.

Waandaaji wa tamasha hilo wana kampuni ya kutoa muziki, Nyege Nyege Tapes. Hiyo ndiyo iliyotoa mwaka 2017 mkusanyiko wa singeli za studio ya Sisso, Mburahati, Dar es Salaam, na kuzifikisha kwa wasikilizaji wa Ulaya. Kwa hiyo anayeifahamu kasi ya singeli ameshapata nusu ya Duma. Nusu iliyobaki ni gitaa lenye mkwaruzo na mtu anayenguruma.

Kunguruma kwenyewe si kupiga kelele ovyo. Mwimbaji husukuma pumzi kutoka tumboni, na mikunjo ya nyama iliyo juu ya nyuzi za sauti, ndani ya koo, ndiyo inayotetemeka. Kijana anayeiga kwa kukaza koo anaweza kupoteza sauti kwa siku kadhaa. Na ukisikiliza kwa spika ndogo ya simu, besi yote inapotea, unabaki na mkwaruzo mtupu. Tumia visikilizia masikio, kwa sauti ya chini.

Albamu yao, iliyopewa jina la bendi yenyewe, ilitoka Agosti 2020. Wimbo mmoja unaitwa "Pembe 666". Mzazi au mchungaji akiona jina hilo ana haki ya kuuliza. Tangu enzi za Black Sabbath wanametali hutumia picha za kutisha kama watengeneza filamu za kutisha wanavyofanya, na jina la wimbo peke yake halithibitishi kwamba aliyeuimba anaabudu shetani. Asiyetaka kusikiliza, asisikilize.

Wakati huo korona ilikuwa imefunga mipaka na kumbi. Lakini wachambuzi wa Ulaya na Marekani waliisikia albamu mtandaoni wakaiandika, na safari ziliporuhusiwa Duma wakapanda majukwaa ya Ulaya. Redio za nyumbani hazikuwa na sehemu kubwa katika hayo yote.

Biashara yake inakwendaje? Nyege Nyege Tapes huuza kupitia Bandcamp, tovuti ambapo msikilizaji hununua albamu moja kwa moja, na tovuti hukata asilimia 15 ya mauzo ya muziki wa mtandaoni. Mashabiki elfu chache walio tayari kulipa, hata wakiwa wametawanyika nchi 20, wanaweza kuibeba bendi ambayo mji wake wenyewe haungeibeba. Upande wa pili ni kwamba soko likiwa mbali, msanii naye anaishi safarini, na mjomba wake nyumbani hajui anafanya kazi gani.

Duma haikudumu. Albamu ilibaki moja, na Khanja akaendelea peke yake. Aprili 2024 alitoa albamu ya The Adept kwa kampuni yake mwenyewe, Haekalu, jina linalokaribiana sana na neno letu hekalu. Humo anamkumbuka Muthoni wa Kirima, ambaye humtaja kuwa bibi wa mzazi wake. Muthoni alipigana msituni katika vita vya Mau Mau na anajulikana kama mwanamke pekee aliyefikia cheo cha Field Marshal. Nywele alizozifuga tangu vita hivyo hakuzikata kwa takriban miaka 70, hadi Aprili 2022 Mama Ngina Kenyatta alipomnyoa mbele ya watu huko Nyeri. Alifariki Septemba 2023, miezi michache kabla ya albamu hiyo kutoka.