Bibi Anashindwa Kuinua Mikono Asubuhi? Usiseme ni Uzee Tu

Kule Likunja, wilayani Ruangwa, mtu mzima akilalamika mabega na nyonga, jibu huwa rahisi: uzee huo, au ni kuinama kuokota korosho. Mara nyingi ni kweli. Ila kuna ugonjwa unaofanana sana na uchovu wa shamba, na una tiba. Unaitwa polimialjia rumatika.

Utautambuaje?

Uchovu wa shamba ukipumzika unapungua. Huu ni kinyume: mgonjwa akilala anaamka amekakamaa, na inaweza kupita dakika 45 au zaidi kabla mwili haujalegea. Maumivu hukamata mabega yote mawili, shingo, nyonga na mapaja. Kufunga kilemba au kuinuka kitandani inakuwa kazi. Wengine hupata homa ndogo na kupungua uzito.

Nani anaupata?

Watu wa miaka 50 kwenda juu, hasa waliovuka 70, na wanawake zaidi ya wanaume. Hauambukizi, na si kurogwa. Ni kinga ya mwili inayoleta uvimbe ndani, kuzunguka viungo.

Hospitali wanafanya nini?

Daktari hupima damu, mfano ESR, kuona kama kuna uvimbe mwilini. Kwa kuwa ugonjwa huu umeonekana zaidi Ulaya ya kaskazini kuliko Afrika, ataangalia kwanza kama si kifua kikuu, saratani au baridi yabisi.

Tiba ni prednisoloni kwa dozi ndogo. Wengi hupata nafuu ndani ya siku chache, lakini dawa huendelea mwaka mmoja hadi miwili, ikipunguzwa kidogo kidogo.

Usiinunue mwenyewe duka la dawa. Inapandisha sukari na presha, inadhoofisha mifupa, na inaweza kuficha ugonjwa mwingine. Ukishaanza, usiiache ghafla.

Hatari ya kukimbilia hospitali

Mzee akianza kuumwa kichwa sana kwenye panja, taya likauma akitafuna, au macho yakaona ukungu, usisubiri kesho. Mishipa ya damu ya kichwani inaweza kuwa imevimba, na anaweza kupofuka moja kwa moja. Mpeleke siku hiyohiyo, iwe Ruangwa au Nachingwea.