Mwanafunzi na Mawe ya Koobi Fora

Kaskazini mwa Kenya, upande wa mashariki wa Ziwa Turkana, ambalo hadi mwaka 1975 liliitwa Ziwa Rudolf, iko Mbuga ya Taifa ya Sibiloi. Mbuga hii ilitengwa mwaka 1973, na ukubwa wake ni kilomita za mraba 1,570 hivi. Wako punda milia na mamba wengi, lakini hazina yake kubwa imo ndani ya udongo: mifupa iliyogeuka kuwa mawe, na mawe yaliyochongwa na viumbe waliotutangulia duniani. Makao ya wachunguzi ni Koobi Fora, ulimi wa mchanga ulioingia ziwani. Kwa miaka mingi Makumbusho ya Taifa ya Kenya yameshirikiana na vyuo vikuu vya ng'ambo kuwafundisha vijana kazi ya uchimbaji mahali hapo.

Miongoni mwa vijana waliokwenda huko kujifunza alikuwamo msichana mmoja wa chuo kikuu, binti wa mkulima wa mahindi. Baba yake alikuwa ameuza magunia kadhaa ili apate ada, na alipoarifiwa habari za safari hiyo hakupendezwa. "Wenzako wanasomea uuguzi na uhesabu," alimwambia, "nawe wataka kupekua mawe. Mawe yatamlisha nani?" Binti hakuwa na jibu. Alipokea nauli kwa adabu, akaondoka.

SAFARI NA KAZI

Safari kutoka Nairobi hupita Isiolo na Marsabit. Kwa mtu aelekeaye ziwani, lami huachwa Marsabit, kisha huanza Jangwa la Chalbi, nchi tambarare yenye chumvi, ambayo mvua ikinyesha hugeuka tope la kuzamisha lori. Baada ya Chalbi ni North Horr, na baada ya North Horr ni mawe na upepo mpaka ziwani. Wafugaji wa Gabra na Dasanach huishi pande hizo, nao wazijua njia na visima vyake kuliko ramani yo yote.

Kazi huanza alfajiri kabla jua halijakasirika. Mwanafunzi hukung'uta viatu vyake kwanza, asije akavaa pamoja na nge. Kisha vijana hujipanga mstari mmoja, kama watu wavunao mtama, wakatembea polepole macho chini. Anayeona kitu haruhusiwi kukigusa. Huchomeka kibendera kidogo kando yake na kumwita mwalimu. Palipo na dalili njema hupimwa miraba ya mita moja moja kwa kamba na vigingi. Udongo huparwa kwa mwiko na brashi, kidogo kidogo, na kila ndoo hupitishwa katika chekeche ili hata jino la panya lisipotee.

Msomaji mkulima atastaajabu kusikia ya kuwa mmomonyoko wa udongo, ambao shambani ni adui, ndio uletao bahati huko. Mvua chache za mwaka huosha vilima na kufunua yaliyozikwa zamani. Lakini mkono huo huo utoao ndio unyang'anyao. Mfupa ukikaa nje miaka michache, jua huupasua na kwato za mbuzi huuponda mpaka uwe changarawe. Kwa hiyo wachunguzi hurudi pale pale mara kwa mara, wasije wakachelewa.

JIWE LILILOOKOTWA

Siku ya tatu msichana yule aliona mtelemkoni kipande cheusi cha jiwe, chembamba, chenye makali. Alikuwa amefundishwa jana yake namna ya kulitambua jiwe lililopasuliwa na mkono: upande mmoja huwa na bapa dogo palipopigwa, na chini yake nundu laini kama ya kisigino. Alama zote mbili zilikuwapo. Kwa furaha alilitia mfukoni, akaendelea kutembea, na saa sita akamletea msimamizi, mzee wa Makumbusho aliyekuwa amefanya kazi hiyo tangu ujana wake.

Mzee aliligeuza jiwe mkononi. "Ni la kweli, binti yangu," alisema. "Umelitoa wapi?"

Msichana alionyesha mtelemko. Walikwenda pamoja, naye akatafuta nusu saa nzima. Vilima vyote vilifanana.

"Nisamehe, mzee," alisema.

"Si mimi uliyenikosea. Jiwe hili lilikuwa shahidi. Lilijua lilikaa juu ya tabaka gani, na karibu na nani. Sasa ni kama barua isiyo na tarehe wala jina la mwandikaji. Twaona ya kuwa iliandikwa, basi."

Jiwe likatiwa katika mfuko wake, na juu ya mfuko ikaandikwa kwamba mahali lilipotoka hapajulikani. Hakuadhibiwa, ila alipewa kazi nyingine: kukaa siku tatu na daftari kando ya chombo cha kupimia ardhi, kama kile cha masoroveya, akiandika vipimo vitatu vya kila kitu kilichoonekana: umbali wa kaskazini, umbali wa mashariki, na kimo chake. Kazi hiyo haina sifa. Lakini karani ye yote aliyewahi kutafuta faili iliyorudishwa mahali pasipo pake aijua thamani yake.

Siku ya nne matunda ya daftari lile yalionekana. Vipande viwili vya mawe vilivyotoka katika miraba miwili mbalimbali viliunganishwa, vikashikana barabara kama kigae na chungu chake. Vipimo vilionyesha kuwa vilikuwa kimo kimoja, hatua chache tu baina yao. Maana yake ilikuwa wazi: hapo mmoja aliketi, akagonga jiwe kwa jiwe, na vipande vikamwangukia miguuni. Msichana alikumbuka jiwe lake la mfukoni. Labda nalo lingeungana na jingine, labda sivyo. Hakuna atakayelijua jambo hilo kamwe.

SAA YA MAJIVU

Watu wengi huuliza umri wa vitu hivyo hujulikanaje. Zamani milima ya moto ilitapika majivu, nayo yakatanda juu ya nchi na kuwa tabaka gumu. Ndani ya majivu imo potasiamu, ambayo sehemu yake ndogo hugeuka kuwa gesi ya agoni kwa mwendo usiobadilika. Mlima unapotapika, moto huifukuza gesi ya zamani, na saa huanza upya. Mtaalamu akipima gesi iliyokusanyika tangu siku hiyo, apata umri wa majivu. Kilicho chini ya tabaka ni cha kale kuliko majivu, na kilicho juu ni cha baadaye.

Tabaka lililo mashuhuri zaidi Koobi Fora huitwa KBS, kwa ajili ya Kay Behrensmeyer, aliyeyaona mawe yaliyochongwa mahali hapo mwaka 1969. Naye wakati huo alikuwa mwanafunzi tu. Vipimo vya kwanza vilitoa umri wa miaka milioni 2.6, na wakubwa wengi wa elimu hiyo wakaridhika. Waliouleta ubishi walikuwa nguruwe. Meno ya nguruwe wa kale yalibadilika umbo kadiri miaka ilivyopita, na wataalamu waliona ya kuwa nguruwe wa Koobi Fora walifanana na wale wa bonde la Omo, Ethiopia, ambao umri wao ulikuwa mdogo zaidi. Mabishano yalikuwa makali katika miaka ya 1970. Mwishowe majivu yalipimwa upya kwa uangalifu, ikathibitika kuwa ni ya miaka milioni 1.9 hivi. Nguruwe walishinda kesi. Lakini wasingeweza kushinda kama hakuna aliyeandika kila jino lilitoka tabaka gani.

MACHO YA WATU WA NCHI HII

Msomaji asidhani ya kuwa sifa ya uvumbuzi huo ni ya wageni peke yao. Ni kweli kwamba Richard Leakey, mzaliwa wa Kenya, ndiye aliyeongoza msafara wa kwanza mwaka 1968. Lakini fuvu mashuhuri liitwalo 1470 lilionwa na Bernard Ngeneo mwaka 1972, likiwa limevunjika vipande zaidi ya 150 ambavyo vilikusanywa na kuunganishwa kwa majuma mengi. Tena mwaka 1984, ng'ambo ya pili ya ziwa, Kamoya Kimeu aliona kipande kidogo cha fuvu kati ya changarawe za Nariokotome. Kutoka hapo ulipatikana karibu mwili mzima wa kijana aliyekufa yapata miaka milioni 1 na nusu iliyopita. Kimeu hakupitia chuo kikuu. Elimu yake ilikuwa macho, subira, na miaka mingi ya kutembea juani. Alifariki mwaka 2022, akiwa ameheshimiwa na wataalamu duniani kote.

Siku ya mwisho ya safari, msichana alimwandikia baba yake. Hakujisifu. Alisema ya kuwa mawe hayamlishi mtu, hilo ni kweli. Lakini mtu aliyeketi pale akipasua jiwe alikuwa akitafuta chakula cha watoto wake kama baba atafutavyo, na bila mawe hayo tusingejua habari zake hata neno moja. Aliomba aruhusiwe kuendelea na masomo hayo. Jibu la baba lilikuwa fupi: magunia ya mwaka ujao yatatosha, ila aandike vizuri asipoteze kitu tena.

YAWAHUSU WAKULIMA

Vitu vya kale haviko Turkana peke yake. Jembe, shimo la choo, kisima na machimbo ya mchanga hufunua vigae, mifupa na mawe ya kuchongwa mahali pengi katika nchi. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 yamtaka mwenye kuona kitu cha namna hiyo atoe habari. Njia iliyo bora ni hii: usikiondoe wala usikioshe, weka alama mahali hapo, funika kwa udongo kidogo ikiwa mvua yaja, kisha upeleke habari kwa chifu au kwa ofisi ya Makumbusho iliyo karibu. Usiuze, maana mnunuzi ataondoka na jiwe, na habari zake zitabaki shimoni. Kitu kilichotunzwa mahali pake miaka milioni chaweza kungoja siku chache zaidi mpaka ajaye kukipima afike.